Kibao cha Uzinduzi

Jumatatu asubuhi Filemoni aliiagiza mashine yake ya kuchonga mbao isogee milimita mia tatu, nayo ikasogea mia mbili tisini na nane. Alipima mara tatu kwa rula ya chuma, akakaza nati moja, akaiagiza tena. Ikasogea mia tatu kamili. Hakufurahi. Kitu kilichokosea bila sababu kinaweza kukosea tena, na kibao alichoagizwa kilitakiwa Ijumaa.

Mashine ilikuwa kubwa kama meza ya kulia. Fremu aliichomelea mwenyewe kwa vyuma vya mraba alivyonunua Masasi. Reli zilitokana na vitanda chakavu vya bweni, na beringi alipewa na fundi pikipiki wa Chiungutwa. Mota tatu, injini ya kuzungusha kisu na bodi ya kupokea amri za kompyuta vilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, vimeviringishwa katika kanga. Kuvilipia hivyo ndiko kulikoondoa tangi la maji la nyumbani.

Tangi lilikuwa la plastiki, la lita elfu mbili, likikinga maji ya bati. Kijijini kwao Namihuti, juu uwandani, maji yako chini bondeni, na mwenye tangi lililojaa wakati wa mvua huvuka kiangazi bila kumpigia mtu magoti. Filemoni aliliuza mwezi wa sita, likiwa bado na maji nusu. Alimwahidi mkewe Sabina kwamba kazi ya kwanza ya mashine ingerudisha tangi kabla ya mvua za Desemba. Sasa ilikuwa tarehe tisa Novemba. Pembeni mwa nyumba palibaki duara la saruji, safi kuliko kitu chochote pale uani.

Sabina aliingia, akatua ndoo.

"Leo bondeni nimekuwa wa arobaini na moja kwenye foleni, Baba Nancy."

"Ijumaa wanakuja kuchukua kibao."

"Mimi sijauliza kibao."

Kibao kilikuwa cha mradi wa maji wa Namihuti, uliokuwa ukizinduliwa Jumamosi. Mudathiri, msimamizi wa mkandarasi, alikuwa ameyaandika maneno kwenye karatasi: MRADI WA MAJI NAMIHUTI. MITA 6,200 ZA BOMBA. KWA WANANCHI WOTE. Ujira waliokubaliana ulikuwa tangi jipya, ambalo Mudathiri alisema limezidi stoo. Mabomba yenyewe yalikuwa yamefukiwa mita mia saba tu kutoka kwenye kioski cha kuchotea maji, yakakomea katika shamba la mikorosho la Bi Dorika, jirani yao. Kila mtu alijua. Bi Dorika alikuwa ameziba mdomo wa bomba kwa kifuu, panya wasifanye makazi.

Jumatano Filemoni alifunga ubao wa mninga kwenye mashine. Ulikuwa umekaushwa miaka miwili, unene wake milimita thelathini na nane. Neno MRADI lilichongeka vizuri, na neno WA pia. Kisu kilipoingia kwenye M ya MAJI, vumbi lilianza kutoka likiwa na umajimaji. Filemoni alizima mashine, akatazama bati, akatazama ndoo ya Sabina, akajifuta jasho. Hakukuwa na tone lililotoka huko. Aliwasha tena. Kisu kilipomaliza I, maji yalikuwa yakitiririka kutoka katika herufi zote nne, membamba na meupe, yakielekea kwenye mota ya upande wa kushoto.

Alikimbilia mota kwanza. Alizifunga kwa mifuko ya plastiki, akainua bodi juu ya tofali, kisha akamalizia maneno yaliyobaki. Yote yalikuwa makavu. Ni neno MAJI tu lililovuja.

Sabina alichovya kidole, akaonja.

"Hayana chumvi," alisema, akaenda kuleta masufuria.

Filemoni alipima. Ndoo ya lita ishirini ilijaa kwa dakika hamsini, usiku na mchana, bila kupungua. Alhamisi alijaribu kuziba herufi kwa gundi, na maji yakaisukuma gundi. Alijaribu rangi, ikaelea. Alichonga kibao kingine kwa ubao wa mkongo, na hicho hakikutoa hata tone, lakini N ya NAMIHUTI ilipasuka katikati. Ubao mwingine hakuwa nao. Hakulala vizuri. Kibao kisichoshika rangi kinaweza kukataliwa, na kikikataliwa hakuna tangi, na mvua ikipita bila tangi ni mwaka mzima wa bondeni. Sabina naye hakwenda bondeni siku hiyo. Alifua mashuka.

Ijumaa Mudathiri alifika na pikipiki, akakitazama kibao kikidondosha maji juu ya viatu vyake.

"Hiki kinavuja."

"Neno la tatu tu."

"Lita ngapi kwa saa?"

"Ishirini na nne."

Mudathiri alipiga hesabu kwa vidole. "Kioski kina bomba la kufungulia, sivyo? Nyuma ya ukuta nikiweka pipa, kibao kikakaa juu yake mpaka asubuhi?"

"Litajaa pipa la lita mia mbili."

"Fundi, wewe unajua kazi," Mudathiri alisema, na akaagiza mpira wa kuunganisha pipa na bomba.

Jumamosi mgeni rasmi alifungua bomba, maji yakatoka dakika nane, akanywa bilauri moja, akapigiwa makofi na vigelegele. Kibao kilikuwa kimefunikwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimelowa. Katika ripoti ikaandikwa kwamba maji yanatoka. Baada ya magari kuondoka, Mudathiri alichukua pipa na mpira wake.

"Na mita elfu tano na mia tano zilizobaki?" Filemoni aliuliza.

"Maji yametoka au hayakutoka?"

"Yametoka."

"Basi bomba limefika."

Kibao kikabaki juu ya kioski. Wanawake waliacha bomba, wakapanga ndoo chini ya kibao. Bi Dorika alisimamia zamu: kaya mia mbili na kumi na mbili, kila kaya ndoo moja kwa siku nane. Aliyechelewa alisemwa mpaka akimbie. Siku nyingine saba watu walikwenda bondeni kama kawaida.

Tangi lililetwa jioni ile ile kwa pikipiki ya matairi matatu. Tumboni lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe: MALI YA MRADI WA MAJI NAMIHUTI, KIOSKI NAMBA 1. Filemoni alisoma. Sabina naye alisoma, akatazama lile duara la saruji, kisha akamtazama mumewe.

"Ligeuze," alisema.

Waliligeuza pamoja, maandishi yakaelekea ukutani.

Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe nne Desemba. Siku ya tatu tangi lilijaa. Siku hiyo Bi Dorika alipita na mwavuli.

"Shikamoo, Bi Dorika."

"Marahaba, Baba Nancy. Hili tangi lenu vipi, mbona limetazama ukuta kama mwali?"

Sabina alichota ndoo, akamtwisha Bi Dorika bila kusema ni ya nini, naye akaipokea bila kuuliza.

Tangu hapo, kila tarehe mosi, Filemoni hupanda ngazi pale kioskini na kalipa yake, akapima kina cha herufi nne. Maji yanakula mninga milimita moja kwa mwezi, na mwanzoni nyuma ya herufi zilikuwa zimebaki milimita ishirini na nane. Mwezi wa pili, akiwa bado juu ya ngazi, alimpigia simu Mudathiri kumwambia kwamba baada ya miaka miwili na miezi miwili kibao kitatoboka.

"Miaka miwili!" Mudathiri alisema, kwa sauti ya mtu aliyepewa habari njema. "Mimi nitakuwa nimeshahamishwa. Kuna vijiji sita vinataka vibao. Mashine yako inaweza?"

Filemoni alimwambia Bi Dorika ile hesabu, kwa kuwa alikuwa chini akimshikia ngazi.

"Sawa," alisema Bi Dorika. "Basi kifuu changu nisikitoe bombani."

Filemoni alishuka, akaandika milimita ishirini na sita, akarudi nyumbani kukaza nati za mashine.