Pipi Agoma Kuingia Bandani

Mereana aliapa kwamba mkanda wa umeme hautagusa shingo ya mbwa wake. Aliapa huku akimenya viazi vitamu, kisu mkononi, na Tawhai mumewe alijua kiapo cha mwenye kisu hakibishiwi papo hapo.

"Rua alivaa mkanda gani?" Mereana aliuliza, akimtaja mbwa wao aliyekufa. "Miaka tisa anawinda nguruwe msitu ule ule. Aliwahi kumgusa ndege kiwi hata mmoja?"

Tawhai aliinamia chai yake. "Rua alikuwa Rua."

"Na Pipi ni Pipi. Mbwa anafunzwa kwa mdomo na mapenzi. Au mimi ulinifunza kwa umeme?"

"Wewe? Umeme wenyewe ungekukimbia."

Mereana alicheka, ila hakulegeza. Kilichomlegeza ni cheti. Msitu wa Waihuka haukuruhusiwa kwa mbwa asiyefunzwa kumwepuka kiwi, ndege anayelindwa na sheria, na bila msitu hapakuwa na nyama ya nguruwe mezani.

Basi Jumamosi wakampeleka kwa Glenys, mama wa kizungu aliyewafunza mbwa wa bonde zima. Glenys alimfunga Pipi mkanda, akamwachia kwenye njia ya msituni. Kando ya njia alikuwa ameweka manyoya ya kiwi, na mbele zaidi kiwi mfu aliyekaushwa, mdomo wake mrefu umeelekea chini kana kwamba anatafuta minyoo. Pipi akanusa, akasogeza pua. Glenys akabonyeza kidude cha umeme mkononi mwake. Pipi alilia mara moja, akaruka, akaja kujificha miguuni pa Mereana. Waliporudia, aliinusa harufu kwa mbali tu akazunguka mbali.

"Yametosha," alisema Glenys. "Hajui kwamba ni mimi. Anaamini ni yule ndege."

Mereana alimbeba Pipi hadi garini, hakumuaga mtu.

Jioni ile Pipi aligoma kuingia bandani. Ndimo alimolala tangu utoto, juu ya ngozi za kondoo, kati ya misumeno na matandiko ya farasi. Alisimama mlangoni, manyoya ya mgongo yamemsimama, akarudi nyuma taratibu. Alilala nje, mvua ikimnyeshea. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu Mereana alimbeba amwingize. Pipi alimparura kifuani, akamkojolea, akatoka mbio.

"Unaona?" Mereana alifoka. "Mmeniharibia mbwa! Anaogopa kitanda chake mwenyewe! Nitaandika barua, nitapita nyumba kwa nyumba. Hakuna mbwa wa bonde hili atakayefungwa tena uchafu ule."

Hakuwa akitisha tu. Kufikia Alhamisi, jirani watatu walikuwa wamefuta miadi na Glenys.

Tawhai alimtazama Pipi amekaa uani mchana kutwa, macho kwenye mlango wa banda, masikio yamesimama, kama mtu anayesikia akiitwa kutoka ndani. Naye Tawhai akaanza kusikiliza. Akiwa anakata kuni, akiwa anakula, alihisi kuna kitu kinapumua chini ya mbao za sakafu ile. Alijua fika kwamba hakipumui. Alikiweka mwenyewe.

Ijumaa asubuhi alimkuta Mereana mezani, karatasi mbele yake, anaandika barua.

"Mere. Weka kalamu."

"Kwa nini?"

"Mbwa hajaharibika. Amefunzwa vizuri mno." Tawhai aliketi mbele yake. "Kuna kiwi bandani. Chini ya mbao. Miaka miwili sasa."

Mereana alimtazama bila kupepesa.

"Alikuwa jike, mkubwa. Rua alimleta miguuni pangu, mkia unatikisika, kama ameniletea zawadi. Hakumtafuna. Alimbana tu, na wale hawana kifua cha kuhimili hata kubanwa. Niliogopa watu, Mere. Niliogopa wazee. Nikamtia guniani."

"Na Rua?" Mereana aliuliza. "Uliniambia nguruwe dume alimrarua."

Tawhai alitikisa kichwa.

"Sema kwa mdomo wako."

"Nilimpiga risasi. Mbwa akishaonja kiwi hurudia. Ndivyo nilivyoambiwa, nami sikungoja."

Mereana akainuka, akachukua nyundo, akatangulia bandani. Waling'oa mbao wote wawili. Gunia lilikuwa jepesi kama mkate mkavu, na likanuka uyoga.

Siku ile ile walilipeleka kwa Bibi Te Paea, mkubwa wa ukoo. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akaliombea kwa muda mrefu, akalilia kama anavyoliliwa mtu. Hakumkemea Tawhai. "Uliuacha msitu umtafute ndege wake," alimwambia tu, na Tawhai aliona heri angechapwa. Afisa wa wanyamapori naye alikuja, akaandika maelezo yake, akaondoka.

Barua ya Mereana iliingia jikoni motoni. Aliwapigia jirani wale watatu mmoja mmoja, akawaambia sababu, wala hakumfichia mumewe jina. Wiki ya pili Pipi alirudi kwenye ngozi zake. Mereana ndiye aliyekuwa hatulii. Alipanda mlimani kwenye kaburi la Rua peke yake, na Tawhai alipotaka kumfuata alimwambia, "Wewe baki."

Mwaka ulipotimia, cheti kilihitaji kupimwa upya. Mereana alimfunga Pipi mkanda kwa mkono wake, akaingia naye msituni pamoja na Glenys. Tawhai alingoja garini, madirisha yamefungwa.

Walirudi mapema. Mereana alipanda, Pipi akajilaza mapajani mwake.

"Vipi?" Tawhai aliuliza.

"Amekwepa mwenyewe. Hata kubonyezwa hakubonyezwa."

Tawhai alishika ufunguo, hakuuzungusha. Mereana alikuwa akimpapasa mbwa shingoni, pale mkanda ulipokuwa.

"Rua angefunzika," alisema. "Mara moja tu, Tawhai. Angelia mara moja tu."