Mzigo wa Kamera ya Arobaini na Moja

Mwezi wa sita nguo hazikauki Thika. Unafua Jumamosi, unaanika, na Jumatano soksi bado ni mbichi vilevile, zinakuangalia tu. Kwa hiyo wapangaji wa ploti moja ya mtaa wa Landless hawakulalamika wageni wa Nelima walipoanza kuja. Wageni wenyewe walikuwa na joto. Waliketi kimya kando ya tangi la maji, wamejifunga shuka mbili nyeupe kila mmoja, na chochote kilichoanikwa karibu nao kilikauka kabla chai haijachemka.

Waruguru, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyesogeza kamba ya nguo ikawafikia. Aliuliza kama wanakula. Nelima akamwambia wanakunywa maji tu, wananawa, halafu wanaelekea upande wa mashamba ya mananasi na kusali. Waruguru akasema watu wasiokula wala kupiga kelele ni wapangaji wazuri kuliko baadhi aliowajua, na akamtazama mume wake.

Nelima alijua walikotoka. Alifanya kazi Ruiru, ghorofa ya pili juu ya duka la misumari na mabati, katika kampuni iliyowatazama mahujaji wa Makka kwa kamera kwa niaba ya mteja ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Walikuwa vijana arobaini mbele ya skrini, karibu wote watu wa kanisa. Saa ya Makka na saa ya Ruiru ni moja. Saa saba mchana kule ni saa saba mchana huku, ila kule jua linachoma na huku Nelima amevaa sweta mbili.

Kompyuta ilichora kisanduku juu ya kila ilichokiona barabarani. Kazi ya Nelima ilikuwa kubonyeza moja kama ni mtu, mbili kama ni mzigo. Barabara ikijaa watu waliosimama, ilibadilika rangi ikawa nyekundu, na hapo geti la kule lilifungwa, gari la maji likatumwa pamoja na wauguzi. Mwaka uliotangulia kompyuta ilikuwa imeyahesabu masanduku kama watu, nyekundu ikazidi, mteja akakasirika. Ndipo ikaja sheria. Mtu hutembea. Kitu kikikaa dakika kumi bila kusogea, andika mzigo.

Ijumaa Nelima aliandika mizigo mitano, na jioni akakuta wageni watatu kwenye ploti. Jumamosi aliandika kumi na minne, wakaja tisa. Mizigo mingine ama ilikuwa masanduku kweli, ama ni watu walioinuka wakaenda zao. Kila mchana aliwaombea wainuke, na kila jioni aliona aibu kuwapita pale kwenye tangi. Alimweleza Gachau, supavaiza wake. Gachau alisikiliza vizuri, akauliza kama wageni wamemdhuru mtu, akasema basi mambo ya ploti yamalizwe kwenye ploti.

Jumapili, saa saba na robo, mzee mwenye mwavuli wa kijani aliketi chini ya nguzo, mbele ya kamera ya arobaini na moja. Mwavuli ulimwanguka, akauokota. Nelima akafurahi. Ulianguka tena, na safari hii akauacha. Kando yake wengine walikuwa wameketi pia, safu nzima. Dakika kumi zikapita. Nelima akabonyeza moja kwa mzee, akabonyeza moja kwa safu yote, na barabara ikawa nyekundu.

Gachau alikuja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Nelima, huyo ni mzigo."

"Anapumua, boss. Ona shuka inavyopanda."

"Dakika kumi zimeisha?"

"Zimeisha."

"Mteja haoni shuka. Anaona nyekundu."

Gachau hakuwa mtu mbaya. Aliinama juu ya bega lake na kubonyeza mbili mwenyewe, taratibu, mmoja baada ya mwingine, hadi barabara ikarudi kuwa kijani. Akamwambia akirudia atarudisha kitambulisho cha kazi, na Nelima aliipenda hiyo kazi kwa sababu mama yake huko Webuye alikula kwa mkono wake. Nelima alimtazama mzee alasiri nzima. Watu walimruka. Gari la maji halikuja.

Jioni hakuharakisha kufika nyumbani. Alipitia sokoni akanunua mboga za sukuma ambazo hakuzihitaji, akasimama akaongea na muuzaji kuhusu baridi. Alipofungua geti la ploti, mwavuli wa kijani ulikuwa umesimamishwa kando ya tangi, na Waruguru alishaanika juu yake sweta ya shule ya mtoto.

"Shikamoo, babu," Nelima alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Mzee alikuwa mtu wa Faza, huko Lamu. Alikunywa vikombe vitatu vya maji bila kupumzika, akafuta midomo, akamuuliza kama ni yeye aliyekuwa akitazama.

"Ni mimi."

"Ukaniandika nini?"

"Kwanza mtu. Halafu ukaandikwa mzigo."

Mzee alifikiri. Hakuonekana kukasirika. Sweta ya mtoto ilikuwa imeanza kutoa mvuke.

"Mzigo wa nani?"

Nelima akasema hajui, lakini kesho atauliza.

Asubuhi aliuliza kweli. Gachau akamwandikia mteja, na mteja akajibu kabla ya saa nne: mizigo isiyo na mwenyewe iachwe ilivyo. Nelima akashukuru, akavuta kiti, akafungua kamera ya arobaini na moja. Saa saba kasoro mwanamke mmoja aliketi chini ya nguzo ile ile. Nelima alimhesabia dakika kumi, akamwongezea moja kwa siri, halafu akabonyeza mbili.

Wakati wa kurudi nyumbani alipitia dukani akanunua ndoo nyingine na vikombe sita.