Mgeni Rasmi wa Mchakamchaka

Usiku wa jana niliota, na kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe naitangaza ndoto hii kuwa ya kitaifa. Bendera zipandishwe. Mabalozi walioalikwa waketi safu ya mbele na wasitafune karanga.

Niliiota nikiwa kitanda cha juu, Bweni la Ruhuji, mdomo wazi, soksi moja mguuni na nyingine haijulikani iliko. Mabalozi wanaweza kurudi makwao.

Kabla sijaanza, taifa lijue mambo machache. Mimi ni Tulinagwe wa kidato cha tatu. Hadi mwaka jana nilikuwa kiongozi wa nyimbo za mchakamchaka. Kila alfajiri shule nzima ilikimbia kuzunguka uwanja, mimi mbele naimba, wenzangu nyuma wanaitikia. Asubuhi moja moyo wangu ukaanza kukimbia peke yake, ukatuacha sote. Nilianguka katikati ya ubeti. Wenzangu, kwa nidhamu, waliitikia kwanza ndipo wakaniokota.

Hospitalini daktari akaeleza kwamba moyoni mwangu kuna kidoa kinachotoa amri bila cheo. Akapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa pajani, akaupandisha hadi moyoni, akakiunguza kidoa kile. Nilirudi shuleni na plasta pajani na heshima kubwa mbele ya watu. Nikapewa kiti pembeni ya uwanja, blanketi na kikombe cha uji. Nikawa mgeni rasmi wa mchakamchaka. Rafiki yangu Sekela, anayelala kitanda cha chini, akaanza kunibebea ndoo yangu ya maji pamoja na yake.

Likizoni nilirudi kliniki. Yaliyosemwa huko ni siri ya taifa. Mama aliniuliza maswali mawili tu njiani, kisha akaingia dukani akaninunulia raba mpya. Nilipofika bwenini nikazisukuma chini ya kitanda, nyuma ya tranka. Kila aliyeniuliza nitarudi lini kukimbia nilimjibu kwa sauti ya mtu anayesoma wosia: "Daktari amenikataza."

Sasa ndoto.

Nimelala. Ngazi ya kitanda inalia: ko, ko, ko. Raba zangu mpya zinapanda, ya kushoto imetangulia.

"Shikamoo," inasema ya kushoto.

"Marahaba."

"Sisi ni viatu vya michezo. Tangu tutoke dukani tuko nyuma ya tranka, na mwenzangu huyu ameanza kujiona kandambili."

"Sijaanza," inasema ya kulia. "Nilisema tu kwamba kandambili huwa zinatoka nje."

Nazieleza kwamba daktari amenikataza. Raba zinatazamana. Ni vigumu kueleza jinsi raba zinavyotazamana, lakini ukiziona utajua.

"Haya, twende ukatuonyeshe alipokukatazia," inasema ya kushoto, na hapohapo zinanivaa. Sikuzivaa mimi. Zilinivaa zenyewe, moja ikaniomba nikunje vidole.

Nashuka ngazi, na ngazi inaishia kwenye korido ya hospitali. Sakafuni yameota majani yenye umande. Vitanda vya wagonjwa vimepangwa mviringo, kama uwanja wetu. Daktari wangu amepiga magoti katikati, anachora mistari ya barabara kwa chokaa.

"Umechelewa," anasema bila kuinua macho. "Panda barabarani. Unalikumbuka sharti?"

Nalikumbuka. Anza kwa kutembea, kisha kimbia taratibu. Ukikimbia uweze kuzungumza, na ukishindwa kuzungumza, punguza mwendo. Taifa lisiniulize kwa sasa ni lini aliniambia maneno hayo.

"Hapa sharti ni lilelile," anasema daktari, "ila anayelifuata ni barabara. Ukizungumza, inakwenda. Ukinyamaza, inakaa."

"Inakaa wapi?"

"Chini."

Nazungumza. Naisomea ratiba ya bwalo: Jumatatu ugali na maharage, Jumanne maharage na ugali. Barabara inajivuta, inakwenda. Naiambia nani alitia chumvi kwenye sukari ya walimu. Barabara inacheka kwa kutikisika, inaongeza mwendo, na mimi juu yake miguu inanyanyuka yenyewe. Natembea haraka. Nakimbia kidogo.

Nyuma yangu nasikia vishindo viwili viwili. Du-du. Du-du. Linakuja kundi la wakimbiaji katika mistari minne, na mbele yao yuko mama mfupi, mnene, aliyevaa bukta na filimbi shingoni. Anatoka jasho la heshima.

"Shikamoo," namwambia.

"Marahaba. Mimi ni moyo wako. Endelea kuongea, usinisimamishie watu."

"Nilidhani unakaa ndani."

"Nipo ndani. Tazama ulipo wewe."

Natazama. Korido haipo. Tuko ndani ya bwalo lenye kuta nyekundu zinazopumua, na milango minne inayofunguka na kufungwa kwa zamu bila mtu kuishika. Hakuna aliyechelewa. Hakuna aliyeminywa mlangoni. Katika bwalo letu jambo hilo halijawahi kutokea.

Kwenye kona, juu ya alama nyeusi kama mahali palipokaa jiko la mkaa, kimesimama kitu chembamba kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwashwa. Kinapuliza filimbi. Filimbi haitoi sauti.

"Samahani, dada," kinasema. "Zamani nilikuwa na cheo hapa."

"Nani alikupa?"

"Nilijipa."

Sikukicheka. Mtu aliyejiteua mgeni rasmi huwa mwangalifu katika mambo kama hayo.

"Nipulize mara moja tu?" kinasema, na kabla sijajibu, pu! Kundi zima linaruka hatua moja, kama watu waliokanyaga shimo.

Nafumba macho, naisubiri ardhi. Ile ya uwanjani naijua, naijua hata harufu yake. Nimelala nayo kichwani kila usiku tangu siku ile.

Ardhi haiji.

"Kwikwi hiyo," anasema moyo wangu, huku anakimbia. "Daktari alikwambia utaisikia mara mojamoja na itapita. Imepita. Mbona umenyamaza?"

Kweli nimenyamaza. Barabara nayo inakaa chini polepole, kama ng'ombe, miguu ya mbele kwanza. Naanza kuzama.

"Ongea!" zinapiga kelele raba.

Natafuta neno. Ratiba ya bwalo imekwisha, vituko vimekwisha. Nashika lililo karibu: "Daktari amenikataza."

Barabara inasimama ghafla na kuanza kurudi nyuma.

"Mimi?" anauliza daktari, chokaa mkononi.

"Daktari amenikataza," narudia, maana mdomo umeshazoea. Barabara inarudi nyuma kwa kasi zaidi. Kuta nyekundu zinatupita kinyume. Tunapita uwanja, jiko la shule, bomba la maji, na hapo kwenye bomba nakutana na Sekela.

Ana ndoo mbili, moja kichwani na moja mkononi. Katika ile ya mkononi nimekaa mimi. Nimejifunika blanketi na nimeshika kikombe cha uji.

"Habari?" najisalimia.

"Mbaya," yule mimi wa kwenye ndoo anajibu kwa fahari. "Usinitikise, mimi ni mgonjwa."

 Sekela anaweka ndoo chini, anabadilisha mkono, anaibeba tena. Kiganjani ana alama nyekundu ya mshikio. Alama ile naijua. Niliiona Jumapili, nikiwa macho kabisa, nikamshauri ajipake mafuta.

"Daktari aliniruhusu," nasema.

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini barabara iliacha kurudi nyuma.

"Eti?" inauliza raba ya kulia.

"Aliniruhusu likizoni. Alinipima, akasema niko salama, nianze taratibu. Sikumwambia mtu. Naogopa. Nikikimbia nitaanguka tena mbele ya shule nzima, na safari hii labda wataitikia na sitaamka. Mtu aliyekaa kwenye kiti haanguki."

"Hata mimi niliogopa," anasema moyo wangu. "Siku ile nani alikuwa anakimbizwa, wewe au mimi? Lakini tazama." Anapiga miguu chini: du-du, du-du. "Nimekuwa nikikimbia hivi tangu uliporudi. Nimekuwa nikikimbia peke yangu, wewe umekaa kwenye kiti."

Barabara inainuka na kwenda mbele. Yule mimi wa kwenye ndoo anaruka chini, ananuna, anaondoka na uji. Milango minne inatupigia makofi, na moyo wangu ananisukuma mbele ya mistari.

"Anzisha."

"Nani kaunguzwa?" naimba.

"Kidoa!"

"Nani kabaki?"

"Sisi!"

Naimba na nakimbia. Nakimbia na nazungumza. Pumzi inatoka na kurudi kama mtoto anayetumwa dukani na kurudi na chenji yote. Nacheka mpaka naimba ubeti mara mbili na hakuna anayenisahihisha. Kile kitu chembamba cha kwenye kona nacho kinaitikia, bila sauti, nyuma kabisa.

Mwisho moyo wangu ananisimamisha, anachuchumaa na kufunga kamba za raba zangu. Ni fundo la ajabu, limezungushwa mara tatu na kuchomekwa ndani, kama la kufungia mbuzi mkorofi.

"Nisikuone tena kwenye kile kiti," anasema. "Kinaniumiza mgongo."

Kengele ikalia. Nikaamka.

Niliweka mkono kifuani kabla ya kufungua macho, kama ninavyofanya kila siku. Du-du. Du-du. Ulikuwa unapiga kama mtu anayefagia uwanja wake, hana ugomvi na jirani. Nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta mwaka jana.

Kisha, taifa linisamehe, nikalichukua blanketi langu ili niende kwenye kiti. Ndoto ni ndoto, na nje kulikuwa na baridi.

"We Tuli," ikaja sauti ya Sekela kutoka chini.

"Nini?"

"Raba zako zina tope."

"Raba zangu ziko nyuma ya tranka."

"Ziko hapa mlangoni. Na zina tope."

Bahati haikuwa yangu, kwa sababu Metroni Mwalongo, mlezi wa bweni letu, alikuwa ameshafika mlangoni hapo. Akainama, akaokota moja, akaigeuza. Soli iliyokuwa nyeupe kama sahani ilikuwa nyekundu, na jani bichi moja limenasa pembeni.

"Za nani hizi?"

Bweni zima likatazama dari, kwa umoja ambao hatuna siku za usafi.

"Zangu, metroni. Shikamoo."

"Marahaba. Si umekatazwa kukimbia wewe?"

"Ni panya, metroni."

"Panya."

"Ndiyo, metroni. Huwa wanaburuta vitu mpaka nje."

"Wakafunga na kamba?"

Nikatazama. Fundo lilikuwa limezungushwa mara tatu na kuchomekwa ndani. Mimi fundo hilo sijui hata linaanzia wapi.

"Shuka," akasema metroni. "Vaa, tuone kama panya wana mguu wako."

Nikashuka. Nikaingiza mguu wa kushoto kwa nguvu bila kulifungua lile fundo, maana nisingeweza. Ndani kulikuwa bado na joto.

Mimi nimeshikwa mara nyingi katika shule hii, na kila mara nilikuwa na jibu mfukoni. Mara hii nilitafuta mifuko yote.

"Metroni," nikasema, "daktari aliniruhusu tangu likizo. Aliyenikataza ni mimi. Niliogopa."

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo sehemu ya kutisha kuliko zote. Metroni aliitazama ile raba, akanitazama mimi, akairudisha chini taratibu kama kitu cha mtu.

"Nitampigia mama yako nisikie mwenyewe," akasema. "Akithibitisha, kesho unarudi uwanjani. Leo utatembea tu, pembeni. Na utembee unazungumza, nikusikie. Ukinyamaza nitajua kuna jambo."

Tangu nifike shuleni hapa nimeamriwa ninyamaze darasani, bwenini, bwaloni na kanisani. Hii ilikuwa amri yangu ya kwanza ya kuzungumza.

Sekela alikuwa amesimama kando ya kitanda chake, ndoo mbili tupu mkononi.

"Na ndoo?" akauliza.

"Na ndoo pia," nikakiri. "Ningeweza kuibeba muda wote huu."

 Akaniwekea zote mbili miguuni, akachukua blanketi langu, akatoka nje kwenda kutafuta kile kiti akikalie yeye.