Mlango wa Upande Wangu

Mwanangu alitandaza ramani juu ya meza yangu ya kukatia nguo, akakandamiza pembe moja kwa mkasi wangu na nyingine kwa pasi, akasema, "Mama, njoo uone nyumba yako mpya." Nikasogea. Kuchora majumba ya watu ndiyo kazi yake huko ofisini kwao, na siku hiyo alikuwa na furaha kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Nikavaa miwani, nikatafuta kitu kimoja tu: mlango wangu. Haukuwepo.

"Hapa pana nini?" nikauliza, kidole kikiwa pale pale.

"Dirisha kubwa, Mama. Upate mwanga."

"Na mlango?"

"Mlango si huu hapa." Akaonyesha upande wa pili, upande wa baba yake. "Nyumba ya familia moja ina mlango mmoja wa mbele. Miwili ya nini, tunaendesha gesti?"

Mkewe akacheka. Nami nikacheka, maana mama mkwe asipocheka inakuwa maneno.

Ngoja niwaeleze nyumba yetu ilivyokuwa, la sivyo mtaniona mwanamke wa visa. Ilijengwa na mume wangu na kaka yake enzi za ujana wao, nusu kwa nusu, ukuta mmoja katikati. Kila kilichokuwa huku kilikuwepo na kule: sebule, vyumba viwili, jiko, choo, mlango wa mbele na kibaraza chake. Shemeji alipohama na familia yake, nusu yake ikabaki tupu. Haikukaa tupu sana. Mume wangu alihamia kule na godoro lake na redio yake, na watoto tukawaambia ni kwa sababu baba anakoroma.

Kukoroma anakoroma, sikatai. Lakini si kukoroma kulikomhamisha. Nilimhamisha mimi. Ni mtu mwema, hajawahi kuniinulia mkono hata siku moja. Ila nilikuwa siwezi kushika kitasa bila kuhojiwa. Wapi, kwa nani, kufanya nini, mbona na jana, si ungemtuma mtoto. Haulizi kwa ukali, jamani, anauliza tu, na akimaliza kuuliza hamu yote ya kwenda imekwisha, unavua khanga unakaa. Ujana wangu uliishia hivyo. Siku moja nikapiga moyo konde, nikamwambia bila kelele: ama uhamie kule, ama mimi nirudi kwetu. Akahamia kule. Hakubisha, mpaka nikamwonea huruma.

Na hapo ndipo nilipopata mume. Msicheke! Akawa anakuja jioni ameoga, amenyoa ndevu, anapiga hodi na kusubiri aambiwe karibu. Ananiita jirani, nami namwita jirani. "Jirani, una chumvi?" Chumvi anayo tele, nimemnunulia mwenyewe. Tunapiga soga, tunacheka mpaka mbavu zinauma, halafu anaaga, anakwenda kwake. Asubuhi nikitaka kwenda kwa shoga yangu muuza vitambaa, nafungua mlango natoka zangu. Nikichelewa nimechelewa. Hakuna anayejua kama nimetoka, wala kama nimerudi.

Sasa mambo hayo utamwambiaje mtoto uliyemzaa? Kwamba baba yako nampenda sana akiwa ng'ambo ya ukuta? Ataitisha kikao, ataita wajomba na mashangazi, na mimi nitakuwa nimemvua nguo baba yake mbele ya mkwe. Hata! Bora nife na langu.

Basi nikaupigania mlango kwa maneno ya pembeni. Nikasema wateja wangu wa mapazia watapita wapi. Mwanangu akasema watapita sebuleni, baba atawakaribisha, atapata na watu wa kuongea nao. Nikasema, je, moto ukitokea? Akasema dirisha halitawekwa nondo, nitatokea dirishani.

"Mimi? Nitokee dirishani na nyonga hizi?"

Wakacheka wote. Mwanangu akaandika kitu kwenye ramani, moyo ukaniruka kwa tumaini. Kumbe anaandika dirisha lishushwe kidogo.

Nikabaki na silaha moja. "Lakini baba yenu anakoroma," nikasema, nikakunja mikono nikijua nimemaliza kazi. Mkwe wangu akaenda kwenye mkoba wake, akarudi na mto wa ajabu, umebonyea katikati, ule unaouzwa makusudi kwa watu wanaokoroma. "Nimemletea Baba zawadi," akasema, uso unamng'aa. Ningefanya nini? Nikasema ahsante mwanangu, Mungu akubariki.

Na haki ya kuwakatalia sikuwa nayo, hilo ndilo lililonifunga mdomo. Wao na watoto wao watatu wamebanana kwenye vyumba viwili vya kupanga, wajukuu zangu wanalala sebuleni miguu imeingia chini ya kabati, na sisi wazee wawili tunamiliki majiko mawili. Ramani yenyewe, tusidanganyane, ilikuwa nzuri. Jiko langu linakuwa bafu, jiko la Mzee linapanuliwa, sebule mbili zinakuwa moja, vyumba vya nyuma vya mwanangu na wajukuu, na chumba cha mbele kimeandikwa "wazee". Humo ndani kimechorwa kitanda kimoja.

Walipoondoka nikaenda kwa Mzee mwenyewe. Nikapiga hodi, nikamkuta jikoni kwake anakwangua sufuria iliyoungua.

"Jirani, umeiona ramani?"

"Nimeiona. Kijana ana kichwa yule."

"Mlango wangu wameuziba."

"Si utatumia wangu?"

Nikamtazama vizuri. Miaka yote ile nilidhani alihama kwa sababu alinielewa, na kwamba ile hodi yake ndiyo namna yake ya kuniambia amenielewa. "Unakumbuka ulihamia huku kwa nini?" nikamuuliza.

Akaacha kukwangua, akafikiri. "Si kwa ajili ya kukoroma?"

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Uongo wetu kwa watoto ameusikia mara nyingi mno, mpaka mwenyewe ameuamini. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli, palepale, mbele ya sufuria. Akaniwahi.

"Nimechoka kula peke yangu, mama watoto," akasema. "Nilikuwa naona haya tu kusema." Akageukia ukutani, akajifanya anatafuta kitambaa cha kujifutia mikono, na mabega yake yakawa yanatikisika. Sijawahi kumwona mtu yule akilia, hata tulipomzika mama yake. Maneno yangu yakarudi tumboni yalikotoka, nikamshika mkono, nikamsaidia kuosha sufuria.

Fundi alikuja wiki iliyofuata. Mtaani wanamwita Taratibu, na nilimshukuru Mungu kwa jina hilo, nikadhani kazi itachukua mwaka. Wapi! Kwangu alifanya kazi kama anafukuzwa. Ukuta wa kati aliutoboa asubuhi, na kwenye lile tundu la kwanza nikamwona Mzee upande wa pili, kavaa fulana, ananipungia mkono huku vumbi likimwingia machoni. Nikampungia na mimi. Jioni ukuta ulikuwa kifusi, na sebule ikawa kubwa hadi sauti zetu zikawa zinarudi.

Alipofika kwenye mlango wangu, nikamfuata.

"Fundi, huu hauwezi kuachwa ulivyo?"

"Ramani inasema dirisha, Mama."

"Ramani imechorwa na niliyemzaa mwenyewe."

"Ndiyo hapo, Mama. Mwambie aliyechora." Akacheka, hakuwa na ubaya. "Mimi nikiuacha nitakuwa nimekosea kazi. Una neno na mlango huu?"

Mtu mgeni kabisa, mikono imejaa saruji, ndiye peke yake aliyeniuliza. Nikasema sina neno. Akaung'oa na fremu yake, akaanza kupanga matofali, na mimi nikasimama kibarazani nikitazama mpaka yaliponifikia kiunoni. Nilisikia hasira, wee, hasira ya kumpiga mtu. Nilimkasirikia mwanangu, nikamkasirikia mkwe na mto wake, nikajikasirikia mimi mwenye ulimi mrefu kwa kila jambo isipokuwa hili. Hapakuwa na wa kumpiga. Wote wananipenda.

Wamehamia. Wajukuu wanapiga mbio kutoka mwisho mmoja wa nyumba hadi mwingine, na kusema kweli kelele zao ni tamu. Mzee amenenepa. Hanyoi ndevu tena ila siku ya mgeni, na ule mto anaulalia kifudifudi, anakoroma vile vile. Kiti chake kimewekwa karibu na mlango wa mbele, mkwe alikiweka pale kwa sababu ndipo penye hewa. Cherehani yangu iko kwenye dirisha kubwa. Mwanga upo, sina la kulalamika.

Juzi shoga yangu alinitumia ujumbe kwamba amepokea vitambaa vipya vya mapazia, niwahi kuchagua kabla wengine hawajafika. Nikaoga, nikavaa, nikachukua mkoba wangu. Nikavuka sebule nzima mpaka mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Mzee akauliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza akitabasamu, redio iko mapajani.

"Kwa shoga yangu."

"Kufanya nini?"

"Kuona vitambaa."

"Si juzijuzi tu ulikwenda?"

"Sijaenda tangu watoto walipohamia," nikasema, na nikajisikia sauti inavyonitoka, ile ya mtu anayejitetea.

Akafikiri kidogo, halafu akafurahi. "Basi ngoja nivae viatu, nikusindikize."

"Waoneni wapenzi hao!" mkwe akapiga kelele kutoka jikoni, na wajukuu wakapiga makofi.

Mzee akaenda chumbani kutafuta viatu. Alikaa sana. Nikasimama pale, mkoba begani, mlango uko wazi mbele yangu na barabara naiona. Akarudi na kiatu kimoja, akaketi kwenye kiti apumzike, akatazama nje, akakunja uso.

"Jua limekuwa kali, mama watoto. Tutakwenda kesho, eti?"

Mwanangu aliinua kichwa kutoka kwenye kazi zake, akatutazama sisi wawili kwa mapenzi, akingoja nijibu.

"Haya," nikasema.