Mimi Nani

Kaka yangu Adérito alizaliwa nyuma ya kanisa kuu la Porto, Ureno, lakini siku ile alizunguka mji akipiga picha nguo zilizoanikwa madirishani kama mtalii wa Kijerumani aliyeshuka melini. Nilitamani nimpokonye ile simu niitupe mtoni.

Alikuwa ametua asubuhi kutoka Luxembourg, baada ya miaka mingi ya kukata mguu. Baba alipokufa hakuja kumzika, na tangu hapo Mama hakulitaja jina lake tena. Tulikuwa tumekubaliana twende kwa Mama moja kwa moja. Mama mwenyewe sikumwambia kitu, maana angefunga mlango na madirisha.

Basi tukatembea. Kwanza alitaka kuona mnara, kisha soko. Tukateremka hadi mtoni, akasema tuvuke daraja tuutazame mji kutoka ng'ambo, utadhani ulikuwa unahama kesho. Nilimuuliza kama anakumbuka mlima wa kurudi. Akajibu kwamba kwa Mama ni hapo tu. Kwetu kila mahali ni hapo tu, ndiyo maana magoti yanatuishia mapema. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani, nateleza kwenye mawe, roho juu juu, na jua linakwenda zake. Kila mkahawa aliingia kunywa kahawa, akaiacha nusu, akatoka.

Kwenye ngazi za Vitória, mtaa wa Mama, nikamshika shati.

"Unaogopa nini wewe?"

"Kengele."

Nikamwelewa. Kwetu mtu akibonyeza kengele ya mlango wa chini wa ghorofa hataji jina. Anasema ni mimi, basi, na aliye juu anatakiwa kuijua sauti. Anayeulizwa mimi nani ni mgeni, muuza bima.

"Akiniuliza mimi nani, Zulmira, narudi uwanja wa ndege. Naapa."

Nilimwonea huruma na hasira kwa pamoja. Nikamwambia afunge mdomo apande ngazi.

Tulipofika alisimama akijifanya anatazama vigae vya ukutani, vile vile alivyovitazama utoto wake wote. Nikabonyeza mwenyewe. Sauti ya Mama ikakwaruza kwenye kispika, ikauliza nani. Mimi nikanyamaza makusudi.

Adérito akainamia kispika. "Ni mimi."

Halafu kitasa cha umeme, kinachofunguliwa kutoka juu, kikanguruma, mlango umefunguliwa, na kaka yangu amekamata mpini tu, haingii wala hatoki. Ngurumo ikakatika, mlango ukajifunga tena.

"Hajanijua," akasema. "Amedhani ni jirani."

Akageuka kushuka ngazi. Nilikuwa namvuta mkono, naye ananivuta, kispika kilipokwaruza tena.

"Sukuma kwa goti, Adérito. Mlango ni ule ule."