Picha za Simba

Naisenya alirudi kutoka Arash, vumbi bado limemkaa kwenye nyusi, akakuta meza ya sebuleni iko tupu. Binti yake Winnie akamweleza kuwa baba ameipeleka kompyuta kwa fundi Inosenti ikawekewe Windows mpya, maana ilikuwa inachukua muda mrefu kuwaka hadi inamchosha.

Hakutua mzigo. Aligeuka nao mgongoni akashika njia ya stendi, kwenye duka la Inosenti.

Kwa miaka kadhaa Naisenya, mzaliwa wa Malambo aliyeolewa Karatu, alikuwa akiwatembelea wakunga wazee wa kwao, na wa vijiji vya Piyaya na Arash. Walimsimulia kwa Kimaa, lugha ya Wamasai, namna ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, dawa ya mizizi anayopewa mzazi, nyimbo za kumpokea mtoto. Akirudi nyumbani aliyaandika kwa Kiswahili kwenye kompyuta, na makaratasi aliyoandikia njiani yakaishia jikoni kuwashia moto. Alikuwa anakaribia kumaliza kitabu. Mumewe Wilson, dereva wa watalii, alimkuta jioni zote ameinamia kioo kile, na mara nyingi alikula chakula kilichopoa kwa sababu hiyo.

Kwa Inosenti umeme ulikuwa umekatika. Mwaka ule mgao wa umeme haukuwa na ratiba. Kompyuta ilikuwa juu ya meza, ubavu wazi. Naisenya aliuliza kazi imefikia wapi, na fundi akamweleza kwa upole kwamba diski ile ni ya zamani, hivyo kabla ya kuweka mfumo mpya ilibidi aisafishe. Alikuwa ameshafuta mgawanyo wa zamani na kuigawa upya. Kuifomati ndiko kwanza kulikuwa kumeanza, umeme ukaondoka.

"Hukuuliza kama kuna vitu vya kutunza?"

"Niliuliza, mama. Baba Winnie alisema kuna picha zake tu. Nikamchomea kwenye sidii."

Akamwonyesha sidii. Juu yake, kwa mwandiko wa Wilson, iliandikwa: Wageni na simba.

Naisenya aliitazama hadi herufi zikaanza kucheza. Kama mumewe angekuwa amesahau kila kitu, labda angepata pa kuanzia kumsamehe. Lakini alikumbuka. Alikaa pale akafikiri ni kipi cha thamani kwenye nyumba yao, akachagua simba.

Wilson akaja kuchukua kompyuta yake, funguo za gari zinamlilia kidoleni. Alipomwona mkewe akaanza kujitetea kabla hajaulizwa: alidhani yale maandishi yapo mahali pengine, na kwa nini hakumwambia mapema kwamba ni ya muhimu.

"Nikwambie mara ngapi?" Naisenya alisema. Sauti yake ilikuwa chini, na Inosenti akajifanya anatafuta bisibisi. "Ulikuwa unakaa nyuma yangu, Baba Winnie. Ulidhani nilikuwa nafanya nini pale, nacheza karata?"

Wilson akazitia funguo mfukoni.

Inosenti akasema huenda si yote yaliyopotea. Kilichofutwa kwanza ni njia ya kuyafikia; yenyewe bado yapo, ilimradi hakuna kitakachoandikwa juu yake. Naisenya akamkataza kabisa kuendelea na usafishaji, hata umeme ukirudi. Umeme uliporudi, fundi akaichomoa diski akaifunga kwenye kompyuta yake mwenyewe, akatafuta programu ya kuokoa mafaili, na kwa siku kadhaa Naisenya akawa anashinda kwenye kiti cha duka lile, hamwamini mtu. Nyumbani alipika, akampakulia Wilson, asimwambie neno.

Ya Arash yalipatikana karibu yote. Ya Malambo yalitoka vipande vipande, mengine yamegeuka alama zisizosomeka. Ya Piyaya hayakupatikana kabisa. Na ya Piyaya yalikuwa ya mtu mmoja, Koko Seenoi, yaani Bibi Seenoi, mkunga aliyezalisha nusu ya watu wa kule. Alikuwa amezikwa kabla ya mvua za vuli.

Wilson alijitolea kununua kompyuta nyingine, mpya kabisa. Naisenya akamwambia hataki kompyuta.

"Utanipeleka Piyaya. Binti yake Koko huniuliza kila tukionana lini nitamsomea maneno ya mama yake. Utamweleza wewe."

Walipita lango la Ngorongoro asubuhi, ukungu umelala ukingoni mwa kreta. Wilson, ambaye barabara ile aliizoea kwa kuwasimulia wageni, sasa aliendesha macho yakiwa barabarani tu. Walishuka upande wa tambarare, wakaacha barabara kubwa, wakafuata njia ya magurudumu hadi bomani.

Binti wa Seenoi alitoka na watoto kuwapokea, akitabasamu, akiamini wameleta kile alichokingoja. Wilson alizima gari. Akamgeukia mkewe.

"Tushuke basi, Mama Winnie."

"Shuka."

"Kimaa changu si kizuri."

"Anajua Kiswahili."

Alishuka. Naisenya akamwona anavua kofia, anasalimia, anaanza kusema huku mikono inahangaika. Akaona tabasamu la yule mama linapungua, kisha linaondoka. Mama yule akatazama kwenye gari, kwa Naisenya, kama anayemwomba akanushe.

Naisenya alitaka kushuka amshike. Mkono ulishafika kwenye kitasa. Lakini hasira ilikuwa bado nzima kifuani, na alijua akishuka Wilson atanyamaza, na yeye ndiye atakayemalizia kumwombea radhi.

Akateremsha kioo, apate kusikia kama anasema yote.