Pingu Kwenye Kitanda cha Uzazi

Nyumbani kwa mama yao siasa haikuruhusiwa mezani. Mama alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, na sheria yake ilikuwa fupi: anayetaka kuhutubia akahutubie uani, kuku watamsikiliza. Hakuitunga bure. Kifungua mimba wake alikuwa naibu waziri wa sheria, na kitinda mimba wake, binti, alikuwa wakili wa haki za binadamu. Ukiwaweka hao wawili chungu kimoja, hukosi kuona kikifurika.

Yule wa mwisho waliendelea kumwita Kitinda hata baada ya kuvaa joho la uwakili, na kwa miaka mingi aliitii sheria ya mama yake. Jumapili moja akaivunja. Kaka yake alikuwa ndiyo kwanza anajipakulia chakula alipomwambia kwamba shauri la Fundi limepokelewa nje, mbele ya kamati ya wataalamu wanaosimamia mkataba wa kimataifa ambao nchi yao iliutia saini kwa vifijo na picha gazetini. Na kwa kuwa zamu ya nchi kuhojiwa ilikuwa imekaribia, na kwa kuwa Kaka ndiye angeongoza ujumbe wa serikali, aliona ni vizuri alisikie kwake, asije akalisikia kwa watu.

Habari za Fundi Kaka alikuwa amezisikia juujuu. Fundi alikuwa mshonaji wa sare za shule sokoni. Siku vibanda vilipobomolewa, wachuuzi walikwenda kukaa barabarani, naye akakaa nao, mimba yake ikiwa imeshakuwa kubwa. Wakazolewa wote kama dagaa wavuni, wakashtakiwa kwa mkusanyiko usio halali. Uchungu ulimshika akiwa mahabusu. Akapelekwa hospitali ya serikali, na mguu wake mmoja ukafungwa mnyororo kwenye chuma cha kitanda. Mtoto alipokwama bega, mkunga alitaka mama akunje miguu yote miwili hadi kifuani, maana hiyo ndiyo njia ya kumfungulia mtoto nafasi. Mguu mmoja ulikunjwa. Wa pili haukuweza. Mtoto akavutwa hivyo hivyo. Alitoka hai, msichana, lakini mkono wake wa kushoto ulibaki kuning'inia kama mkono wa shati lililoanikwa.

Mashtaka ya barabarani yalifutwa baadaye, na Kitinda akalipeleka suala la mnyororo Mahakama Kuu. Jaji hakuwa mtu mbaya. Alisema nchi imeridhia mkataba, kweli, lakini Bunge halijatunga sheria ya kuutekeleza, hivyo mikono yake imefungwa. Walipotoka nje Fundi alicheka kicheko kikavu, akasema kumbe mheshimiwa jaji ana nafuu, yeye kafungwa mikono tu, na wala hazai.

Ndipo wakaamua kwenda nje, na ndiyo maana Kaka alikitua kijiko chake Jumapili ile.

"Mdogo wangu," alisema, "unataka kuivua nchi nguo mbele ya wageni?"

Kitinda alingoja Mama awafukuze uani. Mama hakuwafukuza. Alisogeza jagi la maji karibu yake, akamimina, akasema bila kumwangalia yeyote, "Mficha uchi hazai." Kisha akauliza kama kuna anayetaka kuongezewa mchuzi.

*

Mji waliokwenda ulikuwa wa baridi. Fundi aliazimwa koti na mke wa mwanasheria mwenyeji wao, na kabla hajalivaa akaligeuza ndani nje, akakagua mishono ya bitana, akatikisa kichwa. Alisema mtu aliyelishona alikuwa na haraka ya kwenda mahali.

Siku ya kwanza kamati iliwasikiliza watu wa mashirika, bila serikali kuwepo. Fundi alieleza yaliyompata kwa sauti ile ile anayotumia kumweleza mteja kwa nini sketi haitakuwa tayari Ijumaa. Hakulia. Nyuma ya vioo, ndani ya vibanda vyao, wakalimani walikuwa wakinong'ona kwenye vipaza sauti, na mmoja wao alivua miwani akajifuta macho huku akiendelea kutafsiri.

Siku ya pili ikawa zamu ya serikali. Kaka alikaa katikati ya ujumbe wake, suti imenyooka, balozi kushoto kwake, akasoma ripoti kwa sauti nzuri iliyomshindia chaguzi tatu. Kitinda na Fundi walikaa viti vya nyuma vya wasikilizaji. Mtaalamu mmoja, bibi aliyekuwa amepandisha miwani juu ya paji la uso, akauliza swali fupi: je, katika nchi yenu, wajawazito walio kizuizini hufungwa minyororo wanapojifungua?

Kaka alipekua karatasi zake, akanywa maji.

"Hapana," akajibu. "Kanuni zetu haziruhusu jambo hilo."

Kitinda aliona uso ukimwaka. Huyu ndiye aliyemshika mkono akijifunza kutembea. Ndiye aliyempigania shuleni alipoitwa mwongo. Fundi, aliyekaa kando yake, alimfunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka, kama mama anavyomfunga mtoto kabla ya kutoka nyumbani.

Kikao kiliahirishwa hadi asubuhi. Alasiri, walipokuwa wakinywa chai katika mkahawa wa jengo lile, walimwona Kaka akija na sinia lake, peke yake, bila balozi wala wasaidizi. Akaomba kukaa. Kitinda alitaka kumjibu kwamba viti vyote vina watu, hata kama macho yake yanaviona vitupu, lakini Fundi alikuwa ameshamsogezea kimoja.

Kaka akageuza kikombe chake mara kadhaa kabla ya kumuuliza Fundi alifikiri nini aliposikia lile jibu.

"Nilifikiri hujui, Mheshimiwa," Fundi alisema. "Halafu nikakuona ulivyokunywa maji. Nikajua unajua."

Kaka aliinamisha kichwa. Akamwomba amweleze yote, si kwa ajili ya kamati, kwa ajili yake. Fundi akaeleza. Alipofika mahali pa mnyororo, Kaka aliuliza ufunguo ulikuwa wapi muda wote huo.

"Mfukoni mwa askari, na askari alikuwa ameitwa getini kubadilishana zamu. Aliporudi alilia kuliko mimi. Yule dada si mbaya. Aliambiwa mfungwa akitoroka, kifungo atakimalizia yeye. Sasa angefanya nini? Haikuwepo sheria ya kunikinga mimi, wala ya kumkinga yeye."

Chai ya Kaka ilipoa bila kuguswa. Alipoinuka alimgusa dada yake begani, kidogo tu, akaondoka.

Asubuhi yake alifungua kikao bila karatasi. Alisema jana aliulizwa watu wanafanyiwa nini, yeye akajibu kanuni zinasema nini, na hayo ni mambo mawili. "Ndiyo," akasema. "Tunawafunga. Mmoja wao yumo humu ndani, na mtoto wake ana mkono usioinuka. Kwetu wahenga walisema mficha uchi hazai. Sikuja hapa kuficha tena."

Mkalimani nyuma ya kioo alinyamaza. Ukumbi mzima uliokuwa na visikilizi masikioni ukangoja. Hatimaye alipata maneno ya kuuvusha ule usemi, maana wataalamu walitabasamu, wakiwa wamechelewa, mmoja baada ya mwingine. Balozi alikuwa akitazama dari kama mtu anayetafuta mahali panapovuja.

*

Kaka alitua nyumbani na kukuta redio imeshamtangulia. Alikuwa ameondolewa unaibu waziri ili apangiwe majukumu mengine, na hayo majukumu mengine hakuna aliyewahi kumwambia ni yapi. Dereva wa serikali alimpokea uwanjani, akamfikisha nyumbani kwa heshima zote, akaondoka na gari. Simu zilizokuwa haziishi kulia zikanyamaza. Mama alimwambia angalau sasa atakuwa anakuja kula chakula kikiwa cha moto.

Uamuzi wa kamati ulipofika ulikuwa mzuri kuliko Kitinda alivyothubutu kuomba. Nchi ilikuwa imevunja mkataba. Itunge sheria ya kukomesha jambo lile, na imtibu mtoto wa Fundi. Kitinda aliusoma kwa sauti ofisini, wenzake wakapiga makofi, mtu akaleta soda. Kisha wiki zikapita, miezi ikapita, na serikali ikakaa kimya kama mtu aliyesikia mlango ukibishwa akazima taa. Kitinda akaanza kuelewa kwamba uamuzi wa nje hauna miguu. Usipobebwa na watu wa ndani, utalala pale pale ulipotua.

Aliyeubeba alikuwa Kaka. Unaibu ulikuwa umekwenda, ubunge ulibaki, na mbunge yeyote, hata anayekaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango wa choo, anaweza kuleta muswada binafsi. Wakauandika sebuleni kwa Mama. Mama aliiondoa marufuku yake kwa sharti moja, kwamba wanasiasa waoshe vyombo. Kitinda alitaka kila ibara ya mkataba itajwe. Kaka akamwambia ibara ni za mahakamani. Bungeni wanatafuta kura.

Na kura alijua kuzitafuta. Alikwenda kwa mbunge mmoja wa upinzani, mama wa maneno makali aliyezoeana naye kwa matusi ya miaka mingi, akamwomba amuunge mkono. Yule mama alimfanya aombe radhi kwanza, kwa kila kejeli anayoikumbuka, na kumbukumbu yake ilikuwa nzuri. Fundi naye alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alimtafuta yule askari wa mnyororo, akakaa naye, na siku kamati ya Bunge ilipoita mashahidi, askari alikuja na sare zake, akasema mbele ya wabunge kwamba hakuajiriwa kufunga wanawake wanaozaa, na hataki kustaafu akiwa na picha ile kichwani.

Wiki ya kupiga kura, Waziri akatuma ujumbe. Serikali iko tayari kuunga mkono, muradi yaongezwe maneno machache: isipokuwa pale afisa wa magereza atakapoona inafaa.

Kaka alitaka kukubali. Alikuwa amechoka, na mnadhimu wa chama alikuwa akimwandama kama nzi. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," alimwambia dada yake, mikono yake ikiwa ndani ya beseni la vyombo.

"Hiyo isipokuwa ndiyo mnyororo wenyewe, Kaka. Umeufupisha tu."

Walizozana hadi Mama akatoka chumbani. Hakuwaamulia. Aliwauliza tu Waziri anaogopa nini hasa, waseme kitu kimoja. Kaka akafikiri. Waziri, alisema, anaogopa kichwa cha habari kinachosema mfungwa katoroka wodini. Basi, Mama akasema, mpeni mlango.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Askari ataruhusiwa kukaa mlangoni, na ile isipokuwa ikaondoka. Lakini Waziri naye alidai chake. Kulikuwa na kifungu cha mwisho, alichokipenda Kitinda kuliko vyote, cha kuwapa wajawazito dhamana ili wasizalie gerezani kabisa. Hicho kikatolewa. Kitinda alikubali, kisha akaenda kukaa ndani ya gari peke yake, akawafikiria wanawake anaowajua kwa sura ambao wangelala nyumbani kama angepigana zaidi. Akarudi ndani.

Bungeni Spika aliwahoji wanaoafiki, na sauti ya ndiyo ikatoka pande zote mbili za ukumbi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu wabunge walipojiongezea posho. Juu, kwenye jukwaa la wageni, Fundi alimwinua binti yake aone watu. Mtoto akapunga mkono wake mzima.

*

Sheria ilipokuwa imeanza kazi, Kitinda alimsindikiza Fundi hospitalini. Binti alikuwa akihudhuria mazoezi ya mkono kwa gharama ya serikali, na ulikuwa umeanza kuinuka, kwa shida, hadi usawa wa kidevu. Mtaalamu wa mazoezi alisema haujafika mwisho wake.

Walipokuwa wakitoka, walipita ujia wa wodi ya wazazi. Mwanamke aliyevaa gauni la mahabusu alikuwa akitembea polepole, mkono kiunoni, na ubavuni kwake alitembea askari wa kike amemshika kiwiko. Miguu ya yule mwanamke haikuwa na kitu ila kandambili. Uchungu ulipomkamata, alisimama, akaweka mikono yote miwili juu ya mabega ya askari, akauegemeza uzito wake wote pale. Askari alipanua miguu yake kidogo ili asiyumbe, akamwambia apumue, apumue, hivyo hivyo.

Fundi alisimama. Kitinda alitaka kumuuliza kama anataka wapite njia nyingine, lakini akaona si hilo. Fundi alikuwa akiangalia jinsi anavyoangalia mshono alioumaliza, kutafuta pale penye kasoro, na hakupaona.

"Dada," askari akamwita Kitinda, "nisukumie huo mlango wa chumba, tafadhali. Naona huyu hangoji."

Kitinda akausukuma, akaushikilia wazi kwa mgongo wake, wale wawili wakapita mbele yake wakiwa wameshikana. Mkunga akawapokea ndani. Nje, binti wa Fundi alikuwa ameshakaa kwenye benchi, na mama yake akakaa kando yake, akasema kama Wakili hana haraka, basi na wangoje kidogo wasikie sauti ya mtoto.